Kazi ya kuanzia ni nini, na akili mnemba inaigusa vipi?

Kwenye ujenzi kuna mtu anaitwa saidia fundi. Anachanganya mchanga na saruji, anabeba ndoo, anashika kamba fundi anapopima usawa wa ukuta. Mwanzoni hashiki mwiko kabisa. Baadaye fundi akienda kula anamwachia kozi moja ya tofali, akirudi anabomoa nusu yake na kumwonyesha alipokosea. Miaka inapita, yule saidia naye anaitwa fundi, ana saidia wake. Kwenye malori ni hivyo hivyo: utingo anabadilisha matairi na kulinda mzigo usiku, huku akitazama mkono wa dereva kila gari linapopanda mlima.

Hiyo ndiyo kazi ya kuanzia: kazi anayopewa mtu asiye na uzoefu, nyepesi kiasi, inayojirudia, yenye malipo madogo, na yenye mtu wa juu anayeikagua. Ofisini nako ipo. Ni karani mpya wa uhasibu anayepanga risiti kwa tarehe na kuzilinganisha na taarifa ya benki. Ni mwanasheria mchanga anayesoma mkataba wa kurasa mia akitafuta kifungu kimoja. Ni kijana aliyemaliza chuo juzi, anayepewa kurekebisha hitilafu ndogondogo za programu ambazo wakubwa hawana muda nazo.

Mwajiri anayempa kijana kazi hiyo anapata vitu viwili kwa mshahara mmoja. Cha kwanza kinaonekana: risiti zimepangwa, mkataba umesomwa. Cha pili hakiandikwi popote: mtu anapikwa. Miaka mitano baadaye karani huyo ataona tarakimu isiyo ya kawaida kwenye ukurasa na kuhisi wizi kabla hajauthibitisha. Hilo hakufundishwa darasani. Limemjia kwa kushika risiti elfu kumi.

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde au akili bandia, inatenganisha vitu hivyo viwili. Naizungumzia hasa ile aina iliyosambaa tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022: programu zinazoandika barua, kufupisha ripoti, kutafsiri, kupanga hesabu na hata kuandika programu nyingine za kompyuta. Sasa mwajiri anaweza kupata kile cha kwanza kwa bei ndogo sana, bila kumwajiri mtu. Kile cha pili hakipati, lakini kwa kuwa hakikuwahi kuwa kwenye hesabu zake, haoni alichopoteza. Ataona siku atakapotafuta mtu mzoefu wa kumrithi mzee anayestaafu.

Hapo watu wengi huchanganya maneno mawili, kuguswa na kupotea. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zinaguswa na akili mnemba. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 60, katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 26. Nimesikia takwimu hizo zikisomwa kana kwamba kazi hizo zote zitakufa. Sivyo. Kazi ni fungu la shughuli nyingi. Mwalimu anasahihisha madaftari, anatunga mtihani, anamtuliza mtoto anayelia, anaongea na mzazi. Mashine inaweza kusaidia kutunga mtihani, na kwa maana hiyo kazi ya ualimu imeguswa, ila bado inamhitaji mwalimu. Kazi inakuwa hatarini pale ambapo karibu fungu zima ni shughuli za aina ambayo mashine inaiweza. Shirika la Kazi Duniani, katika utafiti wake wa 2023, lilizitaja kazi za ukarani kuwa ndizo zilizoguswa kuliko zote, na wanawake ndio wengi humo.

Sasa tazama kazi ya kuanzia ya ofisini. Fungu lake ni dogo: kupanga, kufupisha, kunakili, kutafuta, kuandika rasimu. Yule mkubwa wake anashughulika na wateja, anaamua, anabeba lawama mambo yakiharibika. Kwa hiyo katika taaluma moja, chini ya dari moja, mashine inamgusa kijana karibu mwili mzima na kumgusa mkubwa wake begani tu.

Dalili zimeanza kuonekana. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Erik Brynjolfsson, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mishahara ya mamilioni ya wafanyakazi wa Marekani. Walikuta kwamba tangu mwishoni mwa 2022, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 katika kazi zilizoguswa zaidi zilishuka kwa asilimia 13, ukilinganisha na kazi ambazo hazijaguswa sana. Wenye umri mkubwa zaidi katika kazi zilezile hawakutikisika, na baadhi yao waliongezeka. Wapo wanauchumi wanaosema riba kubwa na kampuni kuajiri kupita kiasi wakati wa korona vina mchango wao, na hoja hiyo ina uzito. Lakini maelezo ya watafiti hao kuhusu tofauti ya umri yananishawishi: mashine imesoma vitabu vyote, na mhitimu mpya mtaji wake mkubwa ni vitabu. Mzoefu ana kitu ambacho hakijaandikwa.

Kwetu Afrika Mashariki picha ni nyingine kidogo. Vijana wengi wako shambani, bodaboda, gengeni, kwenye karakana za jua kali. Huko akili mnemba haiwanyang'anyi kitu leo. Wanaoguswa ni wale ambao familia iliuza ng'ombe ili wasome. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, wahitimu walijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kupitia intaneti. Kazi ile ilikuwa ya udanganyifu na siitetei, ila ililipa kodi za nyumba na karo za wadogo zao. ChatGPT ilipokuja, oda zilipungua kwa kasi. Nairobi hiyohiyo ilipata kazi mpya zilizoletwa na mashine yenyewe, za kusoma maandishi na kuyawekea alama ili programu ijifunze kutofautisha jema na chafu. Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba waliofanya kazi hiyo kwa ajili ya ChatGPT, wakisoma maelezo ya ukatili unaotisha, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mtu akiniambia kazi mpya zitakuja, namuuliza hilo: kazi ipi, kwa ujira gani, na baada ya miaka mitatu humo ndani kijana anatoka akiwa nani? Saidia fundi anatoka akiwa fundi.

Upande wa pili wa shilingi nao una ushahidi. Brynjolfsson na wenzake walifuatilia zaidi ya wahudumu wa wateja 5,000, wengi wao wakiwa Ufilipino, waliopewa programu ya kuwapendekezea majibu. Kwa wastani walitatua matatizo asilimia 14 zaidi kwa saa. Wageni wa kazi walipanda kwa asilimia 34, na wazoefu hawakupanda karibu chochote. Maana yake programu ilichota mbinu za wazoefu na kumnong'oneza mgeni sikioni. Chombo kilekile kinaweza kumfanya mwajiri asimtake kijana, na kinaweza kumfanya kijana akomae haraka. Inategemea kimewekwa mahali pa kijana au mkononi mwake.

Nitoe mfano wa kwangu. Nilianza kazi ya tafsiri kwa kusoma prufu, yaani kusaka makosa kwenye kurasa kabla hazijachapwa, mchana kutwa, kwa posho ya nauli. Wiki ya pili nilitafsiri mwaliko wa mkutano na kuandika kwamba utaanza saa 10 asubuhi. Mhariri, mzee mmoja mpole, aliizungushia kalamu nyekundu na kuniita. "Mwanangu, hawa watu unataka waje kabla ya adhana?" Kiingereza kilisema saa kumi yao; yetu ni saa 4. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na tangu siku hiyo macho yangu hayajawahi kuipita saa bila kusimama.

Mwaka huu nililetewa kipeperushi cha wagonjwa kilichotafsiriwa na mashine, nikaambiwa nikipitishe macho tu. Kiswahili chake kilikuwa laini, ngeli zimekaa, hakuna herufi iliyopotea. Ukurasa wa pili kilimwagiza mgonjwa ameze kidonge saa 8 asubuhi na saa 8 usiku. Saa 8 asubuhi haipo, na saa 8 usiku ni usiku wa manane. Mwenye kipeperushi alikuwa amekisoma mara mbili na kukiona kizuri.

Kosa lile nililiona kwa sababu ya kalamu nyekundu ya yule mzee, na kalamu ile niliipata kwa kufanya kazi ambayo leo mashine inaimaliza kwa sekunde chache. Kila ofisi inasema itahitaji watu wa kuikagua mashine. Nakubali. Nawauliza tu watawatoa wapi.

Kijana anayeniomba ushauri simwambii aiogope programu wala aikimbie. Namwambia aandike rasimu yake kwanza, hata ikiwa mbovu, ndipo aiite mashine na kulinganisha. Akiwa na nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo, achague ile yenye mtu atakayesoma kazi yake na kumwambia palipoharibika, hata kama posho ni ndogo. Waajiri nao nawaomba waanze kukiandika kile kitu cha pili, kumpika mtu, kwenye bajeti zao, kama wanavyoandika matengenezo ya gari.

Ofisini kwetu tuna binti mmoja aliyemaliza chuo mwaka jana. Kila hati inayoingia, ukurasa wa kwanza anautafsiri kwa mkono wake, bila msaada, kisha anauweka kando ya ule wa mashine na kupiga mstari kila zinapoachana. Kazi ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Mwenye ofisi amelalamika, na ana haki, maana wateja wanasubiri. Nimemwomba miezi sita. Juzi nimefika asubuhi nikakuta karatasi mezani kwangu, "saa 3 mchana" imezungushiwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa saa 9.