Switch na magemu mazito: maneno ya mtaani na ukweli wake

Mabanda ya gemu ya Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya bado ni ya PS (PlayStation), sasa wale vijana wanaosubiri zamu ya FIFA wakikuona na Switch mkononi, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea mkononi au kwenye tivii, lazima wakusogelee, na kila mmoja anakuja na swali ambalo jibu lake ameshalibeba kichwani. Mengine yana ukweli nusu, mengine sijui yametoka wapi, ila kuyajibu moja moja kunachosha kwahiyo wacha niyaweke hapa yote.

"Nguvu iko kwenye doki, ukichomoa unabaki na kidude cha watoto." Hili ndilo linaloongoza. Doki, yaani kile kitako unachochomekea Switch, haina chipu yoyote ya picha, kazi yake ni kupitisha umeme na kutoa picha kwenda kwenye tivii kwa HDMI, basi. Kinachobadilika kiko ndani ya Switch yenyewe: ikikaa kwenye doki yenye umeme inapandisha kasi ya GPU (chipu ya picha) mpaka megahezi 768, ukiichomoa inashuka mpaka 384 au hata 307 kutegemea na gemu, ili betri isiishe haraka na mikono isiungue. Prosesa haiguswi, ni megahezi 1020 uwe sebuleni uwe kwenye basi la Njombe. Ndio maana gemu likikwama kwa sababu prosesa imelemewa, labda mjini kuna watu kibao au maadui wamekuvamia kwa mpigo, kulipeleka kwenye tivii hakusaidii kitu. Na kuna muda mkononi panakuwa laini zaidi! Zelda Breath of the Wild ilipotoka Machi 2017 ilikuwa inajikongoja kwenye tivii kuliko mkononi, maana mkononi inachora kwa rezolusheni (wingi wa pikseli) ya 720p na kwenye tivii 900p, pikseli zinaongezeka zaidi ya nusu wakati kasi ya memori inapanda kidogo tu, mpaka walipotoa apdeti ya kurekebisha.

Na mkishafika kwenye doki msiniletee chaja ya simu. Inataka chaja yake, volti 15 kwa ampea 2.6, ukiweka ya chini ya hapo tivii inabaki nyeusi halafu mtu anakimbilia kwa fundi anaambiwa HDMI imekufa alete hela.

Haya sasa, kuna makundi mawili yanayobishana kila siku na yote yanakosea. La kwanza linasema Switch haiwezi gemu zito lolote, poti zote ni takataka (poti ni gemu lililotengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine kisha likahamishiwa huku). La pili linasema mbona Doom, lile gemu zito la kufyatua risasi, iliingia, kwahiyo kila kitu kinaingia, asiyeleta ni mvivu.

Tuanze na mashine zenyewe. PS4 ina kori nane (kori ni kama vichwa vya prosesa vinavyogawana kazi) na memori ya GB 8 inayopitisha GB 176 kwa sekunde. Switch ya kwanza ina chipu ya Tegra X1 ya Nvidia, kori nne na moja kati ya hizo imeshachukuliwa na mfumo, memori GB 4 na inapitisha kama GB 25 tu kwa sekunde. Hiyo tofauti haizibwi na maombi. Sasa Doom iliingiaje? Angalia PS4 ilikuwa inaiendesha vipi: fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde kama 16.7 kukamilika. Kampuni ya Panic Button walipoihamisha mwaka 2017 wakaishusha mpaka 30, hapo kila fremu ikapata milisekunde 33, muda mara mbili, wakapunguza na rezolusheni, ikakaa. Gemu la fremu 60 lina pa kushukia. The Witcher 3 haikuwa na hiyo bahati, kwenye PS4 yenyewe ilikuwa 30, ukiigawa mara mbili nani atacheza fremu 15? Kwahiyo kampuni ya Saber walipoileta 2019 ilibidi wakate kwenye picha: mkononi inaweza kushuka mpaka kama 540p, vivuli vimepungua, majani yamepungua, mbali kuna ukungu ukungu. Ila gemu zima limo kwenye kadi ya GB 32 pamoja na nyongeza zake na linachezeka, kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko hata Doom.

Hapo ndipo watu wengi hawapaoni. Mzigo wa GPU unapunguzika kirahisi, unashusha rezolusheni unashusha vivuli, ni kama lori linalopanda Kitonga, ukishusha magunia linapumua. Mzigo wa prosesa ni kitu kingine kabisa, ule ni akili za maadui, fizikia, idadi ya watu mtaani, ukiupunguza unaanza kubadilisha gemu lenyewe. Kwahiyo ukitaka kubashiri kama poti itakuwa nzuri usiulize "grafiksi zake kali?", uliza lilikuwa fremu ngapi kule lilikotoka na ndani yake kuna vitu vingapi vinavyofikiri kwa wakati mmoja.

Halafu kuna mikono ya watengenezaji. Gemu la Ark lilipokuja Switch 2018 ilikuwa aibu, sura kama imepakwa uji, 2022 wakaijenga upya kwa injini (programu inayoendesha gemu) mpya zaidi ikawa gemu linaloeleweka, mashine ni ile ile! Kwa hiyo wanaosema "Switch ndo dhaifu" kila wakikuta poti mbovu, wanawasamehe watu wasiostahili. Mortal Kombat 1 ya 2023 nayo, gemu la kizazi cha PS5 limebanwa kwenye chipu ya zamani, nyuso kama midoli, na bei waliyoweka ni dola 70 sawa na kwenye mashine kubwa. Hapo sina utetezi.

Ukiona mtu anakuambia "gemu la Control lipo Switch linacheza safi" muulize kama ameona neno Cloud kwenye jina. Hiyo haichezwi na Switch, inachezwa na seva huko mbali wewe unaletewa video tu, na kwa bando zetu hizi utacheza na duara linalozunguka.

FIFA niiseme haraka maana ndiyo inayouza. Kuanzia FIFA 20 mpaka 23 kwenye Switch ni Legacy Edition, wamebadilisha vikosi na jezi, uchezaji ni ule ule. Ukikuta mtu anauza kadi mbili tofauti za hizo kwa bei mbili usijisumbue, chukua ya bei rahisi. Mabadiliko ya kweli yalikuja na FC 24, ilipohamia injini ya Frostbite.

"Magemu ya Nintendo hayakwami." Mh. Pokémon Scarlet na Violet za 2022 sio poti, zimetengenezwa kwa Switch na kwa Switch tu, na zilitoka zinakwama mpaka ikabidi Nintendo iombe radhi kwenye maelezo ya apdeti.

Toleo la Switch OLED lina kasi zaidi? Hapana, skrini nzuri ya inchi 7 na GB 64 za kuhifadhia, kasi ile ile. Ile ya 2019 inayokaa na chaji pia ni hivyo hivyo, saa zimeongezeka, fremu hazijaongezeka. Memori kadi ya kasi inafupisha kusubiri gemu lifunguke, haiongezi fremu hata moja.

Sasa hii ni ya kwetu kabisa: "huku Makete baridi, mashine haichemki, gemu linakimbia." Kasi za Switch zimepangwa, haiongezi mwendo eti kwa sababu nje kuna jalidi, utakachopata ni feni kutulia. Nintendo wenyewe wanasema itumike kati ya nyuzi 5 na 35, na asubuhi za Julai kule Kitulo ziko chini ya hapo. Ukiingia nayo ndani kwenye jiko la mkaa kutoka kwenye baridi kali iache kwanza izoee hali ya humo, unyevu ukiganda ndani ndio utamjua fundi.

La mwisho ni Switch 2, ya Juni 2025. Watu wanadhani ukichomeka kadi ya zamani kila kitu kinakuwa fremu 60. Gemu lililofungwa kwenye 30 linabaki 30 mpaka watengenezaji watoe apdeti, ingawa yale yaliyokuwa yanashindwa kuifikia hiyo 30 sasa yanaifikia. Mkononi hata yanaweza kuonekana na ukungu kidogo maana picha ya 720p inavutwa kwenye skrini ya 1080p. Poti zake ni za maana, Cyberpunk 2077 imo nzima kwenye kadi ya GB 64 na ina hali ya fremu 40. Ila sio zote ziko hivyo, kadi nyingine ndani hazina gemu, ni ufunguo tu na gemu lote unalishusha mwenyewe, na hilo limeandikwa mbele ya kava pale chini, kwahiyo kabla hujamtumia mtu hela kule Dar mwambie apige picha kava lote lionekane mpaka chini.