Mwenyeji hatafutwi baada ya fedha: dhana potofu kuhusu ufadhili wa masomo ya Korea na Asia

"Ngoja kwanza nipate ufadhili, chuo cha kunipokea nitakitafuta baadaye."

Kila msimu wa maombi kauli hii hurudi, tena kutoka kwa watu wenye matokeo mazuri na mada nzuri, na kila msimu huwagharimu mwaka mzima. Kwa sehemu kubwa ya fedha za utafiti kuhusu Korea, Japani na Taiwan, mwenyeji, yaani profesa au taasisi itakayokupokea, ni sehemu ya ombi lenyewe. Ombi lisilo na mwenyeji hukatwa kwenye ukaguzi wa fomu, kabla mjumbe yeyote wa jopo hajasoma sentensi ya kwanza ya andiko lako.

Mkanganyiko huu unaanzia kwenye skolashipu za shahada. Anayeomba Global Korea Scholarship (GKS) kupitia ubalozi hutaja vyuo visivyozidi vitatu, huchujwa na ubalozi, kisha na NIIED, ile taasisi ya serikali ya Korea inayoisimamia, na vyuo huamua mwishoni. Hapo ni kweli unaomba fedha kabla ya kuwa na nafasi. Lakini GKS hulipia shahada. Fedha za mtafiti chipukizi, yaani aliye katikati ya uzamivu au aliyeumaliza juzijuzi, hulipia kazi mahususi, mahali mahususi, kwa miezi inayohesabika. Anayezitoa anataka kujua utakaa meza gani, utafungua maktaba ya nani na nani atakujua ukikwama.

Tuanze na Japani. Ufadhili wa kawaida wa JSPS (Japan Society for the Promotion of Science), taasisi ya Japani inayofadhili utafiti, kwa waliomaliza uzamivu ni wa miezi 12 hadi 24, na uzamivu wako uwe haujapita miaka 6. Katika njia yake kuu, anayewasilisha ombi ni mtafiti mwenyeji aliyeko Japani, kupitia chuo chake. Wewe unaandaa, yeye anaomba. Chuo chake nacho kina tarehe yake ya ndani, inayotangulia ile iliyotangazwa na JSPS. Kwa hiyo anayekodolea macho tarehe ya JSPS na kumwandikia profesa siku kumi kabla, ameshachelewa. JSPS ina kituo Nairobi tangu 1965, na maswali ya utaratibu yanaweza kupelekwa hapo, ila kazi ya kumpata mwenyeji inabaki kuwa yako.

Taiwan Fellowship, inayotolewa na wizara ya mambo ya nje ya huko, hufungua dirisha tarehe 1 Mei na kulifunga 30 Juni, kwa utafiti wa miezi 3 hadi 12 unaofanyika mwaka unaofuata. Miongoni mwa vitu vinavyotakiwa ni barua ya taasisi ya Taiwan inayokubali kukupokea. Korea Foundation nayo, taasisi ya umma ya Korea inayofadhili masomo kuhusu nchi hiyo, kwa mtu wa utafiti wa uwandani, huangalia taasisi ya Korea atakayoshirikiana nayo.

Hili lisingepaswa kutushangaza sisi. Mgeni akija kutafiti Tanzania, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, humtaka awe na mshirika wa Kitanzania. Akienda Kenya, NACOSTI, tume ya huko inayotoa vibali vya utafiti, humuuliza ameambatana na taasisi gani. Tunaona ni jambo la busara wageni wanapokuja kwetu, halafu tunaliona usumbufu tunapokwenda kwao.

Basi mwenyeji hupatikanaje? Hesabu miezi sita kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho. Miezi hiyo huliwa na kalenda usipoitazama. Mwaka wa masomo Korea huanza Machi, wa Japani huanza Aprili. Mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Februari kuna mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na ofisi nyingi za Korea na Taiwan hufungwa kwa siku kadhaa. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, vyuo vya Korea viko likizo ya kiangazi. Barua pepe ya kwanza kwa profesa wa Seoul ipelekwe Machi au Aprili, au Septemba hadi Novemba, muhula ukiwa unakwenda.

Kabla ya kumwandikia, soma makala zake mbili za miaka mitano ya karibuni. Kitabu chake maarufu cha miaka ishirini iliyopita hakikuambii anafanya nini leo. Kisha chunguza umri wake wa utumishi. Maprofesa wa Korea hustaafu wakifikisha miaka 65, mwishoni mwa Februari au Agosti. Profesa anayestaafu Agosti hawezi kukupokea Septemba, hata akikupenda vipi, na mara nyingi kwa adabu tu hatakukatalia moja kwa moja. Angalia pia kama yuko kwenye likizo ya utafiti. Mambo haya mawili huangusha hata maombi yenye mada nzuri.

Barua pepe yenyewe isizidi maneno 250. Kichwa chake kitaje jina lako, mada na miezi unayotaka. Aya ya kwanza: wewe ni nani, uko hatua gani, unatafiti swali gani. Aya ya pili: ni kazi yake ipi inayohusiana na swali hilo na ni mkusanyo upi wa nyaraka unaoufuata. Aya ya tatu: unaomba nini hasa, yaani barua iliyosainiwa, meza, kadi ya maktaba, mazungumzo mara moja kwa mwezi; unaomba ufadhili gani; na kwamba huhitaji fedha kutoka idara yake. Sentensi hii ya mwisho wengi huiacha, na bila hiyo profesa hudhani unaomba kazi au skolashipu, kisha anaipuuza. Ambatanisha andiko la kurasa mbili na wasifu, vyote ndani ya faili moja la PDF lenye jina lako.

Jina la ukoo la Mkorea hutangulia. Kim, Park na Lee ndiyo majina ya ukoo, na ndiyo huandamana na neno "Profesa". Kumwita mtu kwa jina lake la pili peke yake ni kama mwanafunzi kumwita mwalimu wake kwa jina la utotoni.

Usitume ujumbe mmoja kwa maprofesa kumi wa idara ileile. Ofisi zao zinapakana, watatambua. Mwandikie mmoja, subiri wiki mbili, mkumbushe mara moja, subiri wiki nyingine, kisha nenda kwa mwingine. Na pale ambapo mtu mmojammoja hajibu, taasisi mara nyingi hujibu: Kyujanggak, hazina ya nyaraka za kale ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, au Academy of Korean Studies mjini Seongnam, ambayo maktaba yake ya Jangseogak ina kumbukumbu za ufalme wa Joseon. Kwa anayetafiti Afrika na Korea, chuo cha Hankuk University of Foreign Studies kinafundisha Kiswahili. Huko utapata watu watakaoelewa thamani ya vyanzo vyako bila kuelezwa sana.

Akikubali, jitolee kumwandalia rasimu ya barua. Hutaonekana mjuvi, utamwokolea saa nzima. Rasimu iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kichwa cha utafiti neno kwa neno kama kwenye fomu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na vitu atakavyokupa. Ichapishwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, iwe na tarehe na saini. Soma kanuni uone nani anapaswa kusaini: baadhi ya wafadhili hutosheka na profesa, wengine hutaka mkuu wa taasisi. Makosa yanayorudi ni madogo lakini yanaua. Barua inasema Machi hadi Agosti, fomu inasema Aprili hadi Septemba. Andiko limebadilishwa kichwa wiki ya mwisho, barua imebaki na kile cha zamani. Jina la tatu limo kwenye pasipoti, kwenye barua halimo. Au barua ya mwaka jana, ya ombi lililokataliwa, inatumwa tena ikiwa na tarehe yake ileile.

Faida yake haiishii kwenye ukaguzi wa fomu. Barua inayosema "tutampa nafasi ya kuona mkusanyo fulani kwa miezi sita" inajibu swali ambalo jopo huuliza kwa kila andiko: je, kazi hii inawezekana kwa muda huu? Andiko lenye mawazo makubwa bila mlango wa kuingilia husomwa kama mpango wa matembezi.

Ziko dhana nyingine potofu zinazorudi kila msimu. "Bila Kikorea usijisumbue." Inategemea unaomba nini. GKS ya uzamili na uzamivu haidai cheti cha TOPIK, mtihani rasmi wa lugha ya Kikorea, wakati wa kuomba. Kuna mwaka mmoja wa lugha, na usipofikia TOPIK daraja la 3 huendelei na shahada. Mwenye daraja la 5 au la 6 husamehewa mwaka huo. Daraja la 3 ni alama 120 kati ya 300, la 5 ni 190. Cheti huisha muda baada ya miaka miwili, kwa hiyo usikifanyie mapema ukadhani umeweka akiba. Korea Foundation nayo ina ufadhili wa mafunzo ya lugha pekee. Kwa utafiti wa nyaraka hali ni tofauti kabisa: anayesema atasoma kumbukumbu za Joseon lazima aonyeshe anasoma Kichina cha kale, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo haikuandikwa kwa Hangul, herufi za Kikorea.

Hapa kuna jambo ambalo waombaji wetu hulidharau mno, nalo ni Kiswahili. Kenya ilianzisha uhusiano na Seoul mwaka 1964. Tanzania ilianza na Pyongyang mwaka 1965, na Seoul ikasubiri hadi 1992. Kati ya miaka hiyo Korea mbili zilishindania kura za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Wizara ya mambo ya nje ya Korea Kusini hupitia nyaraka zake zikitimiza miaka 30 na kufungua sehemu yake kila mwaka, kwa hiyo za mwaka 1992 zimeshafikia zamu yake. Mtafiti anayeweza kusoma mafaili hayo upande mmoja, na magazeti ya Kiswahili ya Dar es Salaam upande wa pili, ana kitu ambacho mshindani wake kutoka Ulaya hana. Liandike hilo kwenye aya ya kwanza ya andiko. Mapenzi ya tamthilia za Kikorea yasikae hapo. Jopo limeshayasoma mara nyingi na hayasemi lolote kuhusu utafiti.

"Nikiomba GKS ubalozini na chuoni kwa pamoja, naongeza bahati." Unajiondoa. Ni njia moja tu, na ukikutwa kwenye zote mbili maombi yote hufutwa.

"Chipukizi maana yake kijana." Kwa fedha za baada ya uzamivu kinachohesabiwa aghalabu ni miaka tangu upate shahada hiyo. Mwenye miaka 45 aliyemaliza mwaka jana bado ni chipukizi; wa miaka 36 aliyemaliza miaka minane iliyopita ameshatoka kwenye dirisha la JSPS. Skolashipu za shahada ndizo hutazama umri: GKS ya uzamili na uzamivu hutaka chini ya miaka 40, na ile ya serikali ya China hutaka chini ya 35 kwa uzamili, chini ya 40 kwa uzamivu.

"Vyeti nitavishughulikia nikichaguliwa." Vyeti vya GKS huhitaji apostili, yaani muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha nyaraka, au uthibitisho wa kibalozi. Burundi, Rwanda na Oman zimo katika mkataba wa apostili, hivyo muhuri mmoja unatosha. Nchi yako ikiwa haimo, cheti hupita kwa mthibitishaji, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Korea. Vyeti vya Kifaransa kutoka Bujumbura au Lubumbashi huongezewa tafsiri iliyothibitishwa, ya Kiingereza au Kikorea. Tenga wiki sita. Na usitume cheti halisi usichoweza kupata kingine, kwa sababu nyaraka zilizowasilishwa hazirudishwi.

"Fedha za vyama vya Marekani ni za kila mwanachama." Kulipa ada ya Association for Asian Studies hakukufungulii kila ruzuku. Zile ndogo za baraza lake la Asia ya Kaskazini-Mashariki huwalenga raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani au walio kwenye taasisi za huko. Kwa Mtanzania anayesoma uzamivu Michigan au Wisconsin ni mlango halali, na wengi walioko huko hawaujui. Kwa aliyeko Dodoma, muda huo ni bora autumie kwenye Taiwan Fellowship. Posho yake ya mwezi ni dola za Taiwan 50,000 kwa mwanafunzi wa uzamivu na profesa msaidizi, 60,000 kwa walio juu yao, pamoja na tiketi moja ya kwenda na kurudi. Viwango hivyo haviongezeki kwa kuandika bajeti ndefu, na Aprili ikikukuta hujaanza kumtafuta mwenyeji wa Taipei, lenga dirisha la mwaka unaofuata.