Injini ya 2AZ-FE: oili inayopungua na maji yanayopotea

Kutokana na malalamiko yanayoongezeka katika dawati letu la ukaguzi wa magari hapa Tanga, tunawakumbusha wamiliki wa Toyota RAV4, Harrier na Kluger zenye injini ya petroli ya 2AZ-FE mambo machache. Injini hii ina silinda 4, valvu 16, ujazo wa sisi 2,362 na bloku ya alumini, na taimingi yake (mfumo unaopanga valvu zifunguke na kufunga kwa wakati) ni ya cheni, si ya belti. Anayekudai fedha za kubadilisha taimingi belti anakudanganya.

Tatizo la kwanza ni kula oili, hasa kwa injini za miaka ya 2006 hadi 2009. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi zikaganda, na oili ikapanda kuungua pamoja na petroli. Kuweka oili nzito hakuzibui vitundu hivyo, na hili tumelieleza mara nyingi. Juzi tulichomoa kijiti cha oili cha RAV4 iliyotoka Horohoro, kikatoka kikavu, na mwenye gari akashangaa kwa kuwa taa ya oili haikuwa imewaka. Taa hiyo huonya presha inaposhuka. Haipimi kiasi kilichobaki.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Nyuzi (mikato ya skrubu ndani ya matundu ya bloku) zinazoshika bolti za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hususan za upande wa nyuma unaotazamana na kabini, hung'oka kwenye alumini, gasketi ikakosa mkazo na maji ya rejeta yakavuja. Mulika tochi huko nyuma: ukiona ukoko mweupe au wa rangi ya waridi, tafadhali usilipandishe gari hilo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kutoa thamostati, kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji ya rejeta, hakurudishi nyuzi zilizong'oka. Matundu ya bolti hutobolewa upya na kuwekewa nyuzi za chuma, na si kila gereji ina vifaa hivyo.

Anayeamua kuweka injini ya mtumba atunze stakabadhi ya ununuzi, apeleke gari kwa mkaguzi wa Polisi wa Usalama Barabarani, kisha aombe TRA ibadilishe taarifa za kadi ya gari. Namba iliyogongwa kwenye bloku isipolingana na ya kwenye kadi, gari linaweza kuzuiliwa kwa uchunguzi, na maelezo kwamba "fundi ndiye anayejua" hayatapokelewa, kwa sababu jina lililo kwenye kadi ni la mmiliki.