Cheti cha huduma ya kwanza si leseni ya kazi ng'ambo
Ujumbe unaozunguka kwa miaka mingi kwenye makundi ya gumzo hudai kwamba mwenye cheti cha huduma ya kwanza cha siku chache, akimlipa wakala ada, huajiriwa ng'ambo kwa mkataba kama mzimamoto au mhudumu wa dharura. Sivyo. Cheti hicho kina thamani, na pengine ndiyo maana watu huchanganyikiwa, lakini kutibu wagonjwa kwa kawaida huhitaji leseni ya nchi unakokwenda. Kuhusu ada, mkataba wa kimataifa nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unazikataza nchi zilizouridhia kuruhusu wakala binafsi kumtoza mfanyakazi, isipokuwa kwa vighairi maalumu. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo. Anayetaka uhakika aulize mamlaka ya leseni ya nchi husika, kisha amwandikie mwajiri kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe.