Shahada ya masafa na kazi ya serikali

Wiki jana alinijia dada mmoja kutoka Likoni, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na shahada ya usimamizi wa biashara ya chuo kimoja cha ng'ambo. Aliisomea miaka minne kwenye simu, usiku, watoto wakishalala. "Kaka, niambie kweli," akasema, "wataikataa kwa kuwa sikukaa darasani?"

Hapana. Miaka yote hii ya kushauri watu kuhusu ajira za umma, swali hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wapo wanaoacha hata kutuma maombi kwa sababu ya hofu hii. Soma tangazo lolote la kazi, liwe la Tume ya Utumishi wa Umma au la bodi ya kaunti. Utakuta wanataka shahada ya chuo "kinachotambuliwa nchini Kenya". Hapo hapana neno darasa. Serikali yenyewe ilikipa Chuo Kikuu Huria cha Kenya hati yake Agosti 2023, nacho kinafundisha kwa mtandao.

Kwa hiyo la kuuliza ni nani aliyetoa shahada, na ana idhini ya nani. Kwa chuo cha hapa nchini, hakikisha kina idhini, kisha uhakikishe na kozi yako imepitishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na kozi moja ikawa bado haijapitishwa. Uliza kabla hujalipa karo.

Shahada ya nje ndiyo inayokwamisha watu. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kazi ya kuitambua na kuilinganisha na za kwetu ni ya Tume hiyohiyo. Inachunguza kama chuo kinatambuliwa kwao kilikotoka. Ukishapita, unapewa barua, na barua hiyo ndiyo unayoiambatisha kwenye maombi ya kazi. Muhuri wa wakili kwenye nakala hauchukui nafasi yake. Muhuri ule unasema tu kwamba nakala inafanana na karatasi ya asili.

Fani nyingine zina mlango wa pili: mwalimu atadaiwa usajili wa tume ya walimu (TSC), mhandisi ule wa Bodi ya Wahandisi.

Yule dada hakuwa na barua, na tangazo lilikuwa linafungwa Ijumaa. Nilisikitika sana, kwa sababu shahada yenyewe ilikuwa safi. Tulikaa mezani tukafungua akaunti kwenye tovuti ya Tume, tukaskani karatasi moja moja: shahada, cheti cha kidato cha nne (KCSE), na ile transkripti yenye mkunjo katikati, ambao ulikuwa umekula alama za muhula mzima. Ikabidi akiandikie chuo apate nyingine. Kama unasomea chuo cha nje na umebakisha muhula mmoja, anza kukusanya karatasi zako leo, usingoje tangazo.