Fizi, taya na mifupa ya mama mtu mzima: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Uzee umefika, meno lazima yaende."
Umri peke yake haung'oi jino. Jino zima, lisilo na tundu hata moja, likianza kucheza, mshukiwa wa kwanza ni ugonjwa wa fizi. Bakteria wa kwenye ukoga huichokoza fizi, mwili unapambana nao, na katika mapambano hayo mfupa unaoshika mizizi ya jino huliwa kidogo kidogo.

"Meno ni meno, mifupa ni mifupa."
Jino si mfupa, hapo sina ubishi. Ila limesimikwa kwenye taya, na taya ni mfupa kama nyonga. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Zipo seli za kubomoa na seli za kujenga, na homoni ya estrojeni ndiyo inayozituliza zile za kubomoa. Hedhi ikikoma, kwa wengi karibu na umri wa miaka 50, estrojeni hushuka. Katika miaka 5 hadi 7 inayofuata mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Sasa, uvimbe wa fizi nao huziamsha seli zilezile za kubomoa. Mwenye yote mawili, taya lake linashambuliwa pande mbili.

Tafiti nyingi zimeona ugonjwa wa fizi na osteoporosisi, yaani mifupa kuwa dhaifu na rahisi kuvunjika, vikiandamana, ingawa hazikubaliani ni kwa kiasi gani. Sigara huchochea yote mawili, kwa hiyo si rahisi kutenganisha nani kamleta nani.

"Fizi zinatoa damu kwa sababu ya upungufu wa kalsiamu."
Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana humfanya mtu anunue vidonge na kuahirisha kwenda kwa daktari wa meno. Mifupa dhaifu haianzishi ugonjwa wa fizi. Ukoga ndio huuanzisha. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takribani miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula kikiwemo, lakini hakuna kidonge kinachobandua ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe. Huo hukwanguliwa kwa vifaa vya daktari. Na damu ikitoka usiache kupiga mswaki. Tumia wenye nywele laini, ufike hadi kwenye ukingo wa fizi.

Mvutaji sigara ana mtego wake: nikotini hubana mishipa ya damu, fizi zake huenda zisivuje kabisa huku mfupa unaliwa chini kwa chini.

"Mifupa ingekuwa na shida ningesikia maumivu."
Kwa wengi dalili ya kwanza ni kuvunjika kifundo cha mkono, pingili ya mgongo au nyonga. Kabla ya hapo, kimya. Kipimo chenyewe huitwa DXA, eksirei ya kupima uzito wa mfupa, na alama yake (T-score) ikiwa -2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi. Wakati mwingine eksirei ya meno huonyesha ukingo wa taya la chini umekuwa mwembamba. Hiyo haitoshi kuthibitisha ugonjwa, bali ni sababu ya kutumwa kupimwa.

"Dawa za mifupa huozesha taya, bora kuziacha."
Uvumi huu una chembe ya ukweli. Tangu 2003 madaktari wameripoti watumiaji wa dawa hizi ambao mfupa wa taya ulikufa, mara nyingi baada ya kung'oa jino. Waliopatwa zaidi ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa kwa dripu. Kwa wanaomeza vidonge vya osteoporosisi ni nadra, chini ya mmoja kwa kila 1,000. Kujiachisha dawa kuna hatari yake: anayechomwa denosumab, dawa ya sindano ya osteoporosisi, kila baada ya miezi 6 akiruka sindano bila kupewa dawa mbadala, mfupa hupungua kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Meno yakaguliwe kabla ya kuanza dawa, na la kung'oa ling'olewe wakati huo. Aliyekwisha kuanza amtajie daktari wa meno jina la dawa, lini alianza, na lini alichomwa sindano ya mwisho.