Kusikiliza injini peke yake hakutoshi

Wanunuzi wengi wa magari ya mkononi wameaminishwa kwamba gari ni injini: fundi anafungua boneti, anasikiliza, ikinguruma vizuri basi lipa. Imani hii imewatia watu hasara kubwa. Kabla ya kulipa, liendeshe gari barabarani.

Injini inayonguruma gari likiwa limesimama haibebi mzigo wowote. Giaboksi ya otomatiki iliyochoka inaweza kutulia kabisa hapo. Ubovu huonekana barabarani, gia inapochelewa kuingia au kuingia kwa kishindo, hasa mlimani. Beringi ya gurudumu huvuma kadiri mwendo unavyoongezeka. Diski ya breki iliyopinda hutetemesha usukani ukikanyaga breki. Kata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho: mlio wa ka-ka-ka kutoka mbele mara nyingi ni jointi za ekseli zilizolika. Hakuna sikio la fundi, hata awe hodari vipi, litakalosikia haya gari likiwa limesimama uani.

Gusa boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji ametangulia kuipasha injini, na moshi au ugumu wa kuwaka asubuhi hutauona. Rudi siku nyingine, injini ikiwa baridi. Kisha endesha angalau nusu saa, foleni ikiwemo, maana gari lenye tatizo la kupoza injini mara nyingi huchemka likitambaa. Hakikisha gari lina bima kabla ya kuingia nalo barabarani.

Gari linaloagizwa moja kwa moja kutoka Japani huwezi kulijaribu. Hapo unategemea picha na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa hali ya gari kutoka mnadani. Lililopo Dar es Salaam au Mombasa, muuzaji akikukatalia usukani, mimi ningeondoka.